Nani Alimkosoa Seydou Keïta?

Kalenda ya taasisi moja ilikuwa tayari. Kamati ilikuwa imechagua kwa kauli moja picha za wavuvi wakivuta juya, za mama lishe wakiwasha majiko alfajiri, za watoto wakikimbilia daladala. Mchapaji alikuwa anasubiri, na kilichobaki ni fomu ya malipo. Hapo ndipo mpiga picha, kijana wa Dar es Salaam aliyeanza kwa simu ya kuazima na kuendelea kwa kamera ya mtumba, alipoulizwa cheti chake. Hakuwa nacho. Kamati haikumrudishia picha zake. Ilizilipia nusu ya bei, kwa maelezo kwamba hiyo ndiyo stahili ya asiye na taaluma, na chini ya kila picha likachapishwa jina la taasisi badala ya lake.

Alipokwenda kulalamika, mjumbe mmoja, mtu msomi na mpole wa sauti, alimjibu: "Picha zako ni nzuri, mdogo wangu, hilo halina ubishi. Lakini nani alikukosoa? Mtu hawezi kujikosoa mwenyewe. Ulichofanya ni kubahatisha."

Nusu ya bei ni dhuluma ya kila siku mjini, na anayedhulumiwa hujua wapi pa kulia. Hoja ya mjumbe ndiyo inayokosesha usingizi. Wanaoikubali ni wengi: walimu, wazazi, waajiri, hata mafundi wa mtaani wakishapata vyeti vyao. Inadai jambo zito kuhusu akili ya binadamu, kwamba kosa haliwezi kuonekana na aliyelitenda, mpaka aje mwenye mamlaka amwonyeshe. Ikiwa ni kweli, basi maisha yote ya ubunifu yanayolelewa nje ya darasa ni bahati nasibu.

Ubunifu, kwa maana ya vitabuni, ni kutengeneza kitu kipya chenye thamani. Na kujielimisha ni mtu kujichagulia ajifunze nini, lini na kwa njia ipi. Kwa mjadala huu maana hizo zinatosha.

Zipo pia hoja za haki dhidi ya kujifunza mwenyewe. Kamera na lenzi ni ghali, bando la kutazama masomo ya video nalo ni pesa, kwa hiyo hamu peke yake haimfikishi mtu mbali. Waliojifunza wenyewe wakashindwa hatuwasikii, hivyo mifano ya waliofaulu hupotosha hesabu. Na yako mambo, kama ridhaa ya anayepigwa picha au staha ya mgonjwa aliye kitandani, ambayo chuo kizuri huyafundisha mapema kuliko mtaa. Yote hayo yakubaliwe. Hakuna hata moja kati yake linalosema kwamba mtu hana macho ya kuona alipokosea.

Hoja ya mjumbe ni ya kale kuliko kamera. Plato, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliandika mazungumzo ambamo Meno anamtega Socrates: utakitafutaje kitu usichokijua, na ukikikuta, utajuaje kwamba ndicho? Socrates anamwita kijana mtumwa wa nyumba ya Meno, ambaye hajawahi kufundishwa jiometri, na kumwonyesha mraba wenye upande wa futi 2. Eneo lake ni 4. Je, mraba wenye eneo mara mbili ya hilo, yaani 8, utakuwa na upande wa futi ngapi? Kijana anajibu bila kusita: 4. Mraba unachorwa, eneo linatoka 16. Anajaribu 3, linatoka 9. Ndipo anapokiri kwamba hajui.

Wasomaji wengi hukimbilia hatua inayofuata, pale Socrates anapomfikisha kwenye mstari wa mshazari na jibu sahihi. Lakini jambo kubwa lilikuwa limeshatokea. Hakuna aliyemtamkia kijana kwamba amekosea. Aliulizwa, akahesabu, mchoro ukamkana. Mjumbe atasema Socrates alikuwepo, na ni kweli, mtu wa kuuliza maswali mazuri ni neema kubwa. Ila aliyeliona kosa ni kijana mwenyewe, na aliliona kwa sababu kosa lilikuwa limekaa wazi mbele yake. Plato alitunza jina la Meno mpaka leo. La kijana hakuliandika.

Katika upigaji picha kosa hukaa wazi kuliko katika sanaa nyingi. Mwimbaji anaweza kujisikia vizuri kuliko alivyoimba. Picha haimbembelezi aliyeipiga. Aliyesahau kusogeza filamu alikuta sura mbili zimepandana. Anayepiga jioni kwa spidi ndogo huku mkono ukitetemeka hupata ukungu. Wapiga picha wa filamu walirithishana kanuni ya jua kali: weka tundu la lenzi kwenye f/16, na spidi ilingane na namba ya filamu, yaani filamu ya 100 kwa takriban 1/125 ya sekunde. Mwanafunzi wa Kariakoo akiijaribu saa sita mchana, atajua ukweli wake filamu ikishasafishwa. Na mwenye kamera ya dijitali ana zaidi, kwa kuwa kila picha hubeba ndani yake kumbukumbu ya tundu, spidi na namba ya ISO iliyotumika. Anaweza kukaa usiku na picha mia mbili, akalinganisha iliyofaulu na iliyoharibika, akaona hasa tofauti iko wapi. Ni walimu wangapi wana subira hiyo?

Haya, atasema mjumbe, hayo ni makosa ya ufundi. Je, kosa la jicho? Picha inaweza kuwa na mwanga sahihi na bado ikawa tupu, na utupu hauandikwi kwenye kumbukumbu ya kamera. Hapo hoja yake ina nguvu kuliko mahali pengine popote, na inastahili kujibiwa kwa maisha ya watu.

Seydou Keïta alizaliwa Bamako, Mali, mnamo 1921. Hakwenda shule, alifundishwa useremala. Mwaka 1935 ami yake alirudi kutoka Senegal na kamera ndogo ya Kodak Brownie, na kijana akaanza kupiga ndugu na jamaa. Kuhusu kusafisha picha alipata msaada wa mwalimu wa shule aliyekuwa pia mpiga picha, Mountaga Dembélé, na vifaa alivinunua kwenye duka la Mfaransa Pierre Garnier. Mwaka 1948 alifungua studio uani kwao. Pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitandani kwake. Alitumia kamera kubwa ya negativu za sentimita 13 kwa 18, na kwa kuwa negativu hizo zilikuwa ghali, kwa kawaida alimpiga mteja mara moja tu.

Mara moja. Mwenye kutaka kujua nani alimkosoa Keïta aanzie hapo. Kabla ya kubonyeza alilazimika kuikosoa picha ambayo bado haipo: bega limegeuka kupita kiasi, mkono umelala kama wa mgonjwa, maua ya gauni yanagombana na maua ya pazia. Alipendelea mwanga wa jua. Ukutani alitundika picha za mfano ili mteja achague mkao, kisha yeye akausahihisha mkao huo kulingana na uso aliokuwa nao mbele. Baadaye mteja mwenyewe alikuja kuchukua picha. Watu wa Bamako walivaa nguo zao bora, wakaazima saa, redio na hata pikipiki ya studio, wakalipa, na walitarajia kuonekana wazuri. Aliyejiona mbaya hakurudi, wala hakumleta shangazi yake. Ukosoaji wa namna hiyo hauandikwi kwa kalamu nyekundu, na ni mkali kuliko mtihani wa chuo chochote.

Na Keïta alijua kazi yake ni ya nani. Picha zake alizigonga muhuri wa jina lake. Hata hivyo, mwaka 1991 baadhi ya picha hizo zilipoonyeshwa New York katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika, zilitajwa kuwa kazi ya mpiga picha wa Bamako asiyejulikana. Alikuwa hai, mzee wa karibu miaka 70, na mji mzima ulikuwa unamjua. Ilibidi Mfaransa André Magnin asafiri hadi Bamako kumtafuta, na mwaka 1994 Keïta akapata maonyesho yake mwenyewe Paris, katika taasisi ya Cartier. Kutojulikana kwake kulikuwa ni kwa waliotazama, ambao hawakuuliza.

Mfano wa Keïta unaweza kugeuzwa dhidi ya makala haya. Kumbe alikuwa na Dembélé! Naam, na Samuel Fosso, aliyefungua studio Bangui mwaka 1975 akiwa na miaka 13 na kuanza kujipiga mwenyewe kwa filamu zilizobaki baada ya wateja, alikuwa amekaa miezi michache kwa mpiga picha mwingine. Malick Sidibé, mpiga picha mwingine wa Bamako, alipita chuo cha ufundi wa sanaa mjini humo kabla ya kushika kamera. Anayejifunza mwenyewe hajawahi kuwa mtu wa kisiwani. Huuliza, huiga, huchungulia, huazima. Tofauti yake na wengine ni kwamba yeye ndiye anayeamua swali la leo ni lipi, na ndiye anayebeba aibu jibu likimkatalia. Anayedhani kwamba msaada wa Dembélé unaelezea zile picha, na aeleze pia kwa nini wengine waliopata msaada kama huo hawakuzipiga.

Gordon Parks hakuwa hata na Dembélé. Alizaliwa 1912 Fort Scott, Kansas, mtoto wa mwisho kati ya 15, katika Marekani ya ubaguzi, na mwalimu mmoja mzungu aliwaambia wanafunzi weusi wasijisumbue na chuo. Alifanya kazi ya kuhudumia abiria kwenye treni. Abiria waliacha magazeti, naye akayaokota, na humo akaona picha za wakulima waliohama kwa ufukara. Alinunua kamera aina ya Voigtländer kwenye duka la rehani mjini Seattle, akaanza. Magazeti yaliyoachwa vitini ndiyo yaliyokuwa shule yake ya jicho, kwa sababu aliyatazama kwa swali: picha hii inanifanyaje nione hasira? Mwaka 1948 akawa mpiga picha wa kwanza mweusi kuajiriwa na jarida la Life. Vyuo vilivyokuja baadaye kumtunuku shahada za heshima vilizidi 40.

Karibu zaidi na nyumbani yuko Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, 1943, aliyekulia Dar es Salaam na kujifunza kwa Box Brownie ya mtumba. Mwaka 1963 alianzisha Camerapix, hapo hapo Dar es Salaam, kabla hajafikisha miaka 21. Oktoba 1984 picha za njaa alizozipiga Korem, Ethiopia, akiwa na mwandishi Michael Buerk, zilirushwa na BBC, na dunia ambayo haikutaka kusikia habari za njaa ile ikalazimika kuiona. Tamasha la Live Aid la Julai 1985 lilizaliwa na picha hizo. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto. Akawekewa mkono wa bandia, akajifundisha upya kushika kamera, akarudi kazini, hadi alipofariki Novemba 1996 katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka karibu na Komoro. Leo Tanzania ina Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 iliyoanzisha Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, na kanuni zilizofuata mwaka 2017 ziliweka stashahada kuwa elimu ya chini ya anayetaka ithibati. Sababu zake zinaeleweka, uandishi unahitaji maadili na uwajibikaji. Lakini kijana wa Box Brownie angesimama wapi kwenye foleni hiyo?

Kuna jambo jingine ambalo mjumbe hakulifikiria. Wakosoaji waliosoma nao waliwahi kukosea wote kwa pamoja, kwa miongo, na vyeti vyao vikiwa ukutani. Kuanzia miaka ya 1950 maabara za kusafisha picha za rangi Marekani zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, maarufu kama kadi ya Shirley, jina la mfanyakazi wa Kodak aliyetumika kwanza. Akitoka vizuri Shirley, mashine iko sawa. Matokeo yake, mtu mweusi aliyepigwa kando ya mweupe alibaki macho na meno. Tatizo halikuwa siri kwa wapigwaji. Kodak ilianza kulishughulikia baada ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani kulalamika kwamba rangi za kahawia za bidhaa zao hazitofautiani pichani. Mbao na chokoleti zilisikilizwa kabla ya nyuso za watu! Mwongozaji filamu Jean-Luc Godard alipokwenda Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970 alikataa filamu za Kodak, akisema zina ubaguzi.

Mita ya mwanga ndani ya kamera nayo ina dhana yake. Huchukulia kwamba kila inachokiona ni kijivu cha wastani, kinachoakisi takriban asilimia 18 ya mwanga. Bibi harusi akisimama mbele yake na shela jeupe, mita huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na uso wa bibi harusi unazama. Mpiga picha wa harusi wa Tandika anayejua kazi huongeza mwanga hatua moja au zaidi kinyume cha ushauri wa mashine. Huwatoa watu kwenye jua la adhuhuri, ambalo hung'arisha paji la uso na kuchimba mashimo machoni, akawaweka kwenye kivuli cha baraza ili ukuta mweupe wa mbele urudishe mwanga laini. Nani alimfundisha? Mara nyingi ni mama wa bibi harusi, aliyezikataa picha za kwanza na kugoma kumalizia malipo. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki waligundua hayo peke yao, studio moja baada ya nyingine, wakati maelekezo rasmi ya filamu yaliandikwa na watu ambao hawakuwa na nyuso hizo akilini.

Ukiingia njia hiyo ni vigumu kutoka bila kumtaja Omar Said Bakor wa Lamu, aliyefariki 1993. Alijifunza mwenyewe, akazunguka miaka mingi akipiga watu barabarani, kisha akafungua studio yake Lamu miaka ya 1960, katika mji ambao picha ya kiumbe hai ilikuwa suala la mjadala wa kidini. Bakor alikata na kupachika: sura ya mtu ikachomoza ndani ya ua, mwili ukaungana na mapambo, mkasi ukafanya kazi ya lenzi. Hakuna chuo kilichokuwa na somo hilo. Tatizo lilikuwa la Lamu, na suluhisho likatoka Lamu, kwa mtu ambaye kila siku alipita mbele ya msikiti na mbele ya wateja wake. Pwani haijamtendea haki. Watafiti wa ng'ambo wamemwandika kuliko sisi, na mwanafunzi wa sanaa wa Mombasa au Tanga anaweza kumaliza masomo akiwajua wapiga picha wa Paris bila kulisikia jina la Bakor.

Mwalimu Nyerere aliuona ugonjwa huu mapema. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alilalamikia shule zinazowafanya vijana waamini kwamba elimu yote yenye thamani hutoka vitabuni au kwa "wasomi", na kwamba wazazi wao hawana walijualo. Baada ya zaidi ya nusu karne, VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, inaendesha mpango wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi wa mtaani hupimwa kwa kazi yake na kupewa cheti. Kijana wa kalenda ameshauriwa atafute njia ya namna hiyo. Ni ushauri mzuri kwa mfuko wake. Kama ni mzuri kwa hoja yenyewe ni jambo jingine, maana akipata cheti kesho, picha zile zile za jana zitahesabiwa ghafla kuwa za mtu anayejua, na hakuna mstari hata mmoja ndani yake utakaokuwa umebadilika.

Linabaki fundo moja lisilofunguka kirahisi. Vivian Maier, mlezi wa watoto wa Chicago aliyefariki 2009, aliacha negativu zaidi ya 100,000, zilizoanza kujulikana baada ya shehena ya vitu vyake kuuzwa mnadani mwaka 2007. Humo zimo picha kubwa za karne. Lakini pia aliacha mamia ya mikanda ya filamu ambayo haikusafishwa kabisa. Alipiga, hakutazama. Ikiwa picha iliyokamilika ndiyo mwalimu wa anayejifunza mwenyewe, Maier alijifunza kwa nani miaka ile? Labda alikuwa ameshajijenga mkosoaji ndani, asiyehitaji tena karatasi. Labda kutazama kwenyewe, ule wakati wa kuinamia kioo cha Rolleiflex, ndiko kulikokuwa kazi, na picha ilikuwa masalio. Au labda mjumbe ana punje ya haki, na mtu asiyeonyesha kazi yake kwa yeyote huwa kwenye hatari ambayo kipaji cha Maier kiliificha. Mambo hayo matatu hayakubaliani, na kila moja lina ushahidi wake.

Lisilo na utata ni la kamati. Wanaochagua picha za kalenda, za mabango, za vitabu vya shule, wana haki ya kutaka kujua kama mtu anajua anachofanya. Basi waache kumuuliza cheti na wamwombe picha alizozikataa yeye mwenyewe. Aziweke mezani kando ya alizozileta, aeleze moja moja ilikosa nini: mwanga ulianguka wapi, mkono wa nani uliharibu, kwa nini hatua mbili kushoto zingeiokoa. Aliyebahatisha atanyamaza kwenye picha ya pili. Anayejua atawachosha kwa maelezo. Wakishamsikiliza wamlipe bei kamili, na chini ya picha waandike jina lake.